Wateuzi wa Nyimbo katika Hadhara za Wanawake wa Mombasa

Mwenye kuingia ukumbi wa kupamba katika mji wa Mombasa, akiwa ni mwanamke, kwa maana mwanamume hana ruhusa ya kukivuka kizingiti hicho usiku huo, hupokelewa mlangoni na mabinti wawili, mmoja ameshika mrashi na mwingine kikapu. Wa kwanza huwanyunyizia wageni marashi viganjani, na wa pili huwaomba simu zao, akazifunga kila moja na karatasi yenye jina la mwenyewe na kuziweka kikapuni, ili sura ya mtu aliyevua buibui lake kwa amani isije ikatembea mjini asubuhi yake. Ndani, waandazi ni wanawake, mpiga picha aliyeruhusiwa ni mwanamke, na pembeni mwa jukwaa la bibi harusi, nyuma ya meza iliyotandikwa leso, ameketi mwanamke mwingine, vikuba vya asumini na mrihani kifuani na masikio yake yakiwa kazini, ambaye vijana humwita DJ na wazee wetu wangalimwita mpiga santuri. Huyo ndiye ninayetaka kumwandika.

Wako wanaodhani kwamba kazi yake imeletwa juzi na mitambo ya umeme, na kwamba binti anayeifanya ameiga mambo ya ughaibuni. Dhana hiyo siikubali. Mitambo ndiyo mipya. Ama kazi yenyewe ni ya kale, nayo ina asili katika desturi iliyokita pwani hii, kwamba mwanamke, katika hadhara ya wanawake wenziwe, husema kwa wimbo yale ambayo ulimi wake, kwa staha, haukupewa idhini ya kuyatamka. Na palipo na nyimbo za kusema hapana budi awepo mtu wa kuamua ni upi utakaosikika, wakati gani, na mbele ya nani.

Bibi zetu walikuwa na lelemama. Walijipanga safu, wamevaa sare, wakicheza kwa mwendo wa taratibu, mikono ikinena zaidi ya miguu, na vyama vyao, mathalan Ibinaal Watan na Banu Saada hapa Mombasa, vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa maneno, hata ikawa wimbo mmoja uliotungwa kwa ustadi huweza kumwinamisha uso mtu aliyekosa bila ya jina lake kutajwa. Harusini kulikuwa na vugo, pembe za nyati zikigongwa kwa vijiti. Kulikuwa na chakacha, ngoma ya kiuno iliyochezwa ua ukiwa umefungwa, mpaka bendi kama Mombasa Roots zilipoitoa uani na kuipeleka mahotelini. Unguja nako Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, aliitwaa taarabu iliyokuwa ikighaniwa kwa Kiarabu katika jumba la sultani tangu zama za Sayyid Barghash, akaiimba kwa lugha ya watu wa Ng'ambo. Na baada yake wanawake wa kisiwa kile wakaunda vyama vyao wenyewe vya taarabu, Nuru el-Uyun, Sahib el-Ari na Royal Navy, ambavyo mashindano yao yalikuwa makali kama ya lelemama.

Siti alikwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti yake katika santuri, na santuri hizo zilipoingia majumbani jambo moja kubwa liligeuka pasipo watu kulitambua: mwenye kuimba hakuwapo tena chumbani, akabaki mwenye kuchagua. Yule bibi aliyemiliki gramafoni, ambaye majirani walikusanyika barazani kwake baada ya alasiri, hakuwa mwimbaji wala mtunzi, walakini yeye ndiye aliyeshika sindano, na alipoiteremsha juu ya sahani hii badala ya ile, kila aliyeketi alijua kuwa amesema neno. Baadaye zikaja sahani za Mzuri kutoka duka la Assanand, kisha kaseti za Mbwana Radio Service, ambazo nani wa umri wangu hakuwa nazo, lakini kiti cha mteuzi kilibaki palepale, kikirithiwa na mwanamke baada ya mwanamke. Anayekikalia leo ukumbini na kompyuta mapajani ni mrithi wa yule mwenye sindano.

Ili nisiandike kwa kukisia, nilikaa na wanne miongoni mwao, ambao hufanya kazi kwa shirika, wakiazimana spika na nyaya, na mmoja akiugua mwenziwe humshikia zamu. Nilikwenda nao katika harusi moja Kibokoni. Kabla ya siku ile, mkubwa wao alikuwa amekwisha kwenda kwa mama wa bibi harusi, wakaketi jikoni saa nzima, naye akauliza nani ni nani: nani ameachwa, nani ameongezewa mke, nani hasemi na nani, nani amefiwa ndani ya mwaka huo na hawezi kustahimili wimbo fulani uliopendwa na marehemu. Yote aliyaandika katika daftari. Nimeliona daftari lenyewe. Ukurasa wa kushoto una nyimbo zinazotakiwa, ukurasa wa kulia una nyimbo zisizopigwa usiku huo, na ukurasa wa kulia ndio ulio mrefu.

Faida ya ukurasa ule niliiona kwa macho yangu. Yapata saa nne za usiku, chakula kimekwisha kuondolewa, mama mmoja wa makamo alikuja mezani, noti ya shilingi mia tano imekunjwa katikati ya vidole vyake.

"Mwanangu, nitilie ule wimbo wangu, nipate kutunza."

"Nimekusikia, shangazi. Huo leo naomba uniwie radhi. Nitakuwekea mwingine utakaokupendeza."

"Kwani una nini huo?"

"Hauna neno, shangazi. Ila leo ni siku ya bibi harusi."

Yule mama alimtazama kitambo, kisha akacheka, akampapasa bega, akaiacha noti juu ya leso na kurudi kitini. Nilipouliza, nikaambiwa kwamba safu ya tatu alikuwa ameketi mke aliyeolewa na aliyekuwa mume wa mama huyo, miezi miwili tu iliyopita. Msomaji asiyeijua desturi yetu na afahamu kwamba mwenye kutunza huinuka, akasogea mbele kwa madaha huku akicheza, akainyosha noti juu, na katika mwendo ule macho na kidole chake huweza kumwelekea mtu, na wimbo ukatimiza yaliyosalia. Wala hakuna ukumbini atakayeuliza maana yake, kwa kuwa wote wanaijua. Wimbo ule ungalipigwa, usiku wa yule bibi harusi mdogo ungalikumbukwa mtaani kwa vita vya watu wengine.

Haina maana kwamba binti huyu ni adui wa mafumbo. Aliniambia kuwa katika mikutano mingine, ambapo wote waliomo wanajuana na hapana aliyekuja kumstahi bwana wala bibi harusi, huyaacha mafumbo yatembee mpaka watu wachoke, kwani huko kusemana kwa wimbo ni bora kuliko kushikana nywele, na wengi huondoka mioyo imepoa. Hukumu ya lini uachie na lini uzuie ndiyo hekima ya kazi, na hekima hiyo haipatikani kwa kusomea mitambo.

Usiku wenyewe huenda kwa taratibu isiyobadilishwa ovyo. Hufunguliwa kwa kaswida, ili baraka zitangulie; kisha, wageni wanapokula, hupigwa taarabu za kale za ala na sauti ndogo, watu wapate kusemezana; baada ya hapo chakacha, na hapo ndipo utakapoona bibi wa miaka 70 aliyeingia akijikongoja akifunga leso kiunoni. Bibi harusi anapokaribia kuingia, muziki hukatwa ghafula. Kimya kile hudumu pumzi tatu au nne, udi unanukia, vichwa vyote vimegeukia mlangoni, kisha kigelegele cha kwanza hutoka kwa somo wake, na ni juu ya kigelegele hicho, si kabla wala si baada, mpiga santuri huuachia wimbo wa kumwingiza. Nilimwona mkono wake ukitetemeka akingoja. Ameifanya kazi hii miaka mingi, na bado mkono unamtetemeka.

Niliwauliza wote wanne ni wimbo gani waupendao kwa nafsi zao, mbali na kazi. Mkubwa wao alijibu bila kufikiri kwamba ni Muhogo wa Jang'ombe, wimbo wa Siti binti Saad, jinsi ulivyoimbwa na Bi Kidude, kwa sababu sauti ile haikujipamba kwa ajili ya mtu yeyote. Wa pili akautaja Vidonge wa Malika, akisema kwamba ndio wimbo pekee autiao ambapo bibi, mama na binti huinuka kwa pamoja. Wa tatu, ambaye mamake ni mtu wa Tanga, alichagua Macho Yanacheka wa Shakila, kwani humnyamazisha mtu pasina kumwamrisha. Mdogo wao, aliye na miaka 20 na kidogo, akasema kwa kujiamini kwamba yeye ni wa taarabu ya kisasa, ya kina East African Melody na Khadija Kopa, na kwamba wenzake wakimwona ameketi mezani hujua leo roho zitarushwa. Mimi, nikiulizwa, naegemea kwa mkubwa. Lakini nikiri kwamba nimeiona rusha roho ikimwinua mtu aliyekuja na huzuni yake, na jambo lenye kufanya hivyo silipuuzi.

Kuna jambo la kazi hii ambalo wageni hawaliwazi. Kwa kuwa fundi mwanamume hawezi kuitwa ndani, uzi ukikatika au spika ikinguruma ni lazima wao wenyewe wajue la kufanya, na kwa sababu hiyo wamejifunza kuunga nyaya, kubadili fyuzi na kuuweka moto mahali pake, katika giza, hali wamevaa dera la hariri. Mmoja alinionyesha kovu la kuungua kwenye kidole cha shahada. Kisha usiku ukiisha hutokea watu wa nyumba wakawaambia warudi kesho kuchukua malipo, na kesho huwa wiki. Hayo hayawi kwa ubaya wa nia, ila watu wamezoea kudhani kuwa mwanamke anayefurahisha wanawake wenziwe amekuja kujifurahisha yeye. Zile noti za kutunza ni za wimbo na za furaha. Ujira wa mteuzi ni jambo jingine, na haki yake ni kutolewa kabla hajakunja leso yake.

Wapo wanawake wa pwani walioamua kufanya sanaa hii mbele ya watu wote, wala siwalaumu. Unguja kuna Tausi, kikundi cha taarabu alichokiasisi Bi Mariam Hamdani mwaka 2009, ambamo wanawake ndio wapigao udi, kanuni na fidla, ala ambazo zamani zilihesabiwa kuwa za wanaume. Na kila mwaka mwezi wa Februari, katika Ngome Kongwe, tamasha la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004 huwakutanisha wanamuziki wa kike na wa kiume na hadhira ya mataifa. Wawili kati ya wale wanne huvuka bahari kulihudhuria wakijaliwa nauli, na hurudi na nyimbo. Hata hivyo wameniambia wote kwamba hawabadilishi ukumbi uliofungwa kwa jukwaa lolote, kwa sababu pale jukwaani mtu husikilizwa, bali ukumbini hujulikana.

Ama hazina yao ya nyimbo wameipata wapi? Si madukani, maana mengi ya maduka ya kaseti yamekwisha kufungwa. Wameipata katika makasha ya bibi zao na shangazi zao, chini ya leso zilizokunjwa na vyeti vya ndoa, kaseti zilizorekodiwa harusini miaka ya 1970 na 1980, ambamo nyuma ya fidla husikika watoto wakilia, vikombe vya kahawa vikigongana, na sauti za wanawake waliokwisha tangulia mbele ya haki wakipiga vigelegele. Mkubwa wao huziingiza moja moja katika kompyuta, usiku, akiusafisha mkanda kwa pamba. Hewa ya chumvi ya mji huu haina huruma. Kaseti tatu kati ya zile alizopewa mwaka huu zilikuwa zimekwisha kushika ukungu, na mkanda ulikatika mkononi mwake alipoufungua.

Basi, msomaji mwenzangu, ikiwa kuna kasha chumbani mwako ambalo halijafunguliwa tangu mama yako afariki, lifungue wiki hii, na kaseti utakazozikuta humo mpelekee mmoja wa mabinti hawa.