Una Kisukari? Pimwa Retina Hata Kama Unaona Vizuri

Wagonjwa wengi wa kisukari hutufikia wakiwa wameshabadilisha miwani mara kadhaa, na bado hawaoni sawasawa. Kumbe tatizo haliko kwenye lenzi. Liko nyuma ya jicho, kwenye retina, utando mwembamba unaopokea mwanga na kupeleka taarifa zake kwenye ubongo.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, hudhoofisha mishipa midogo ya damu ya retina. Mingine huvuja, na majimaji yakituama katikati ya retina, kusoma na kutambua sura za watu huwa taabu. Mingine huziba. Retina iliyokosa damu ya kutosha huotesha mishipa mipya, na hiyo ndiyo ya kuogopa zaidi: ni dhaifu, hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho, kisha makovu yake huivuta retina mpaka ibanduke. Haya yote huanza bila maumivu, na mara nyingi mgonjwa haoni tofauti yoyote.

Kwa hiyo kusoma herufi ukutani hakutoshi. Retina yenyewe lazima iangaliwe, kwa kupanua mboni kwa dawa ya matone au kwa kupigwa picha kwa kamera maalumu. Matone huleta ukungu kwa saa kadhaa, basi siku hiyo usiendeshe gari wala bodaboda. Mwenye kisukari aina ya 2 apimwe mara tu anapogundulika, kwani huenda ameishi nacho muda mrefu bila kujua. Wa aina ya 1 apimwe ndani ya miaka 5 tangu agundulike, kisha kila mwaka. Mjamzito mwenye kisukari awahi mapema zaidi, kwa sababu ujauzito huweza kuharakisha madhara haya.

Tiba ipo. Leza huzuia mishipa mibaya isiendelee, na lengo lake ni kulinda uoni uliobaki. Dawa ya bevasizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, leo huchomwa ndani ya jicho lililotiwa ganzi ili kupunguza uvujaji, na ni nafuu kuliko dawa nyingi za kundi lake. Sindano hizi hurudiwa. Wanaoziacha njiani ndio wanaonisikitisha zaidi.

Na wewe usiye na kisukari, ukiona ghafla vimulimuli, vidoa vyeusi vingi vinavyoelea au kivuli kama pazia kikishuka, retina huenda inabanduka. Nenda hospitali yenye daktari wa macho siku hiyohiyo.