Siri ya simu inaishia wapi?

Wapendwa wa Kasongo na Kabambare, tukipiga simu ya GSM, sauti inageuzwa kuwa tarakimu 0 na 1. Kanuni ya A5/1, iliyobuniwa mwaka 1987, inatumia ufunguo wa siri kutoa mfululizo mwingine wa 0 na 1, na kuuchanganya na sauti: tarakimu zinazofanana zinatoa 0, zinazotofautiana zinatoa 1. Hivyo 1011 na 0110 zinatoa 1101. Antena ikichanganya tena na 0110 ileile, inapata 1011.

Lakini wataalamu wamekwisha kuivunja kanuni hiyo. Tena inafunika njia ya hewani tu. Kwenye antena sauti inafunguliwa. Basi, tusitaje kwa simu mahali ndugu waliokimbia vita wamejificha. Habari hiyo apeleke mtu mwaminifu, kwa mdomo.