Je, Wajua? Mzigo wa Bure Kichwani

Mwanamke Mluo aliyezoea kubeba kichwani huweza kutwikwa asilimia 20 ya uzito wake asitumie nguvu zaidi ya anapotembea mikono mitupu. Mwenye kilo 60 hubeba kilo 12 bure! Hilo lilipimwa nchini Kenya juu ya mashine ya kukimbilia, matokeo yakachapishwa 1986. Siri ilijulikana 1995: mwendo wake huyumba kama pendulamu, nguvu kidogo tu ikapotea.

Wewe wa jimu ya Kisumu, unakimbia juu ya mashine kama hiyo huku umeinamia simu? Kichwa cha kilo 5 hivi, kikiinama nyuzi 60, huielemea shingo kwa takriban kilo 27. Mama muuza omena wa Dunga, beseni kichwani, hathubutu kuinama hivyo. Beseni litamwagika.