Jumatano ni Siku ya Bustani

Akina mama wenzangu, ukifika Nyamigogo siku ya Jumatano saa kumi jioni, usishangae kupiga hodi nyumba tatu mfululizo bila kuitikiwa. Mtoto aliyeachwa kulinda mlango atakuonyesha kwa kidole upande wa bondeni. "Mama yuko bustanini." Hapo utajua umefika kwetu.

Tulianza tukiwa wanawake saba, leo tuko kumi na sita. Hatuna ofisi wala bango. Tuna kipande cha ardhi, ndoo za maji, majembe, panga mbili na daftari. Nimeombwa niandike tunavyoishi katika bustani hiyo. Nitaeleza mazuri, lakini pia nitaeleza jambo moja tulilolifanya ambalo mpaka leo nikilikumbuka nainamisha kichwa.

Sababu ya kuanza ilikuwa kiangazi. Huku kwetu Biharamulo, na kwa majirani zetu wa Ngara, mvua za masika zikiisha mwezi wa tano hatutegemei mvua ya maana mpaka mwezi wa tisa. Wakati wa mvua mboga hujiotea zenyewe chini ya migomba: mchicha, maboga, mnafu, hata bila kupandwa na mtu. Mwezi wa saba njoo uone! Maharage leo, maharage kesho, na siku ya dagaa watoto wanapiga makofi. Mama mwenye fedha ananunua kafungu kadogo sokoni, majani yamenyauka, na kwa watu wanane kila mtu anaonja tu.

Mmoja wetu akasema, kila mtu peke yake hawezi kumwagilia miezi mitatu, kwa kuwa kuna siku ataumwa, kuna siku atakuwa na msiba, na siku nyingine atachoka tu. Tukiwa saba, bustani haiwezi kukosa mtu wa kuinywesha. Hilo ndilo wazo lote, hakuna la ajabu zaidi.

Wakati wa mvua matuta yetu huwa ya kuinuka ili maji yasioze mizizi. Kiangazi tunafanya kinyume, tunachimba tuta la kuzama, tunachanganya samadi iliyooza vizuri, na maji tunayomwaga yanabaki pale pale kwenye mizizi. Juu tunatandaza majani makavu ya migomba. Lakini hapo kuna tahadhari. Tangu mnyauko wa bakteria ulipoingia Kagera mwaka 2006 na kumaliza migomba ya watu, hatuchukui majani kwenye shamba lenye mgomba unaougua, na panga la kikundi likitoka shamba moja kwenda jingine hupitishwa kwenye moto kwanza. Wapo waliotucheka wakidhani ni uganga. Panga lenye utomvu wa mgomba mgonjwa ndilo linalobeba ugonjwa kwenda kwa jirani, na sisi hatutaki kuwa hao wabebaji.

Maji tunateka kijitoni, na bustani yenyewe iko juu kidogo. Wengi huuliza kwa nini tusilime kando ya maji kabisa tukapumzisha vichwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Basi meta hizo tunazipanda na ndoo kichwani. Nakiri kwamba mwezi wa nane, jua likiwa kali, nimewahi kuilaumu sheria hiyo kwa sauti.

Mboga za nani?

Mwaka wa pili bustani ilistawi, na fedha zikaanza kutupofusha. Kila kilichokomaa kilikwenda gulioni. Sanduku letu lenye kufuli tatu lilikuwa linajaa, tukaanza kukopeshana ada za shule na kununua vyombo. Siku moja bibi mmoja, mkubwa kuliko sisi sote, akatuuliza swali mkutanoni. "Watoto wenu wamekula mchicha lini mara ya mwisho?" Tukatazamana. Tulikuwa tunalima mboga za watu wa mjini, na nyumbani kwetu maharage yale yale!

Siku hiyo tuliandika kanuni ambayo haijabadilishwa: hakuna fungu litakalouzwa kabla kila mwanachama hajapeleka mawili jikoni kwake. Mwanzoni mhasibu alinung'unika. Lakini fikiria jambo hili, mama. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Kudumaa hakutokani na ukosefu wa majani peke yake, na mboga bila mayai, dagaa, maziwa au karanga haitoshi. Ila sisi bustani tulikuwa nayo mlangoni, na watoto wetu walikuwa hawaifaidi.

Kuhusu zamu, tulijifunza kutoka kwa majirani wa Kenya. Mwaka 1977 Profesa Wangari Maathai alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, kazi iliyokuja kuitwa Green Belt Movement, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Wengi wanalijua hilo. Lililotufaa sisi ni jambo dogo zaidi. Wanawake wale walipewa kifuta jasho kidogo kwa kila mche uliopona, si kwa kila mche uliopandwa. Siku ya kupanda kila mtu anakuja, kuna nyimbo na vicheko, lakini siku ya ishirini ya kumwagilia anakuja nani? Sasa daftari letu halihesabu tena nani alikuja kupanda. Linahesabu tuta la nani liko hai.

Mbegu zilizogoma

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Katika kikundi chetu kulikuwa na bi harusi, mdogo kuliko wote, mpole, aliyeolewa kutoka upande wa Ngara. Alikuwa na miaka mitatu katika ndoa na hakuwa amejaliwa mtoto. Mwishoni mwa mwezi wa nane alikwenda kusalimia kwao, akarudi na mbegu za mgagani zilizovunwa kwa mama yake wiki hiyo hiyo. Tulifurahi. Mgagani una uchungu wake, lakini ukiungwa kwa maziwa au karanga hakuna mboga inayoushinda. Mvua ya kwanza iliponyesha tukausia matuta manne.

Mchicha wa tuta la jirani ulichomoza siku ya tano. Mgagani haukutokea. Siku ya kumi, kimya. Siku ya kumi na tano tukafukua kwa kijiti, mbegu ziko vile vile kama zilivyoingia.

Maneno yakaanza. Kwanza ilikuwa, "Mbegu zake mbovu." Kisha ikawa, "Mkono wake mzito." Jumatano moja, yeye akiwa ameinama anapalilia hatua chache kutoka tulipokuwa, mwenzetu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mwanamke ambaye hajazaa hapewi mbegu ashike. Nilikuwepo. Sikusema kitu. Nilijifanya nafunga kanga yangu vizuri. Wapo waliocheka kidogo, ule mcheko wa kuogopa kuonekana tofauti na wenzako.

Yule binti alimaliza mstari wake wa kupalilia, akanawa mikono, akatuaga kwa adabu, "Jioni njema, mama zangu." Jumatano iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata.

Baada ya wiki kadhaa afisa ugani, dada mmoja tunayemwita Bibi Shamba, alipita kuangalia wadudu kwenye kabichi zetu. Akaona matuta manne matupu, akauliza. Tulipomweleza, hakuuliza mbegu zimetoka kwa nani. Aliuliza, "Zilivunwa lini?" Tukamwambia zilipandwa zikiwa na wiki mbili. Akacheka. Mbegu ya mgagani ikivunwa hulala, akasema. Ukiisia mbichi haioti vizuri, inataka ikae kavu miezi kadhaa, mitatu hata sita, ndipo iamke. Na hata ikiamka haipendi mwanga, kwa hiyo ifunikwe na udongo kidogo. Alituambia mambo hayo yanajulikana kabisa kwa wataalamu wa mboga za asili, kama wale wa kituo cha utafiti wa mboga kilichopo Arusha tangu mwaka 1992, wanaotunza mbegu za mgagani, mnafu na mchicha.

Mbegu zilizobaki zilikuwa kwenye chupa ya soda, juu ya kabati la mhasibu. Mwezi wa tatu, masika yalipoanza, tukazisia. Siku ya sita matuta yalikuwa kijani kama nywele za mtoto.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Tulisimama pale, kila mmoja anatazama miguu yake.

Tulituma watu watatu kwenda kwake, na mimi niliomba niwe mmoja wao. Tulichukua kapu la mgagani mchanga, tukabisha hodi kwa mama mkwe wake kwanza, kama ilivyo desturi. Nilitegemea mama mkwe atupokee kwa ubaridi. Alitupokea kwa chai. Ndipo nikaelewa kwamba binti hakumwambia mtu yeyote pale nyumbani tulichosema; alisema tu amechoka na bustani. Alituficha aibu yetu sisi.

Tulimwomba radhi mbele ya mama mkwe na mumewe. Yule aliyetamka maneno alilia. Mimi nilimwambia nilisikia na nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa sehemu ya maneno yale. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimewasamehe, mama zangu. Nitakuja Jumatano. Lakini mbegu sitazishika." Alikuja. Kwa msimu mzima alibeba maji tu. Tukimwekea mbegu mkononi alimpa aliyekuwa jirani yake. Hatukumlazimisha.

Najua msomaji unataka kuuliza kama sasa amepata mtoto. Usiniulize. Mgagani uliota bila kungoja jibu la swali hilo.

Ardhi ni ya nani?

Shida iliyoko mbele yetu sasa ni ardhi. Kipande tunacholima tuliazimwa kwa maneno ya mdomo na mzee mmoja aliyetuonea huruma, wakati kilikuwa magugu na mawe. Baada ya samadi ya miaka yote hii udongo umekuwa mweusi, na vijana wake wamekiona. Siwalaumu sana, nao wanatafuta maisha. Ila wenzangu, msifanye kosa letu la kutoandikiana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Halmashauri ya Kijiji inaweza kugawa ardhi ya kijiji, lakini mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji uridhie kwanza. Maana yake wanawake waliobaki nyumbani siku ya mkutano wanaamuliwa na waliokwenda.

Kwa sasa tumeandikiana na familia ile misimu miwili, mbele ya mashahidi, na barua yetu ya kuomba eneo la kudumu iko kijijini. Waume zetu wameahidi kuja mkutanoni kutuunga mkono. Wengine mwanzoni walisema bustani ni mahali pa umbea (na si uongo mtupu), lakini sasa wakirudi Jumatano jioni wanauliza wenyewe kama kuna mgagani.

Mwaka jana tuliamua kila chupa ya mbegu iandikwe siku iliyovunwa na siku ya kuanza kusia. Ilihitajika mtu mwenye mwandiko mzuri na asiyesahau. Tulikaa kimya, hakuna aliyethubutu kutaja jina. Yeye mwenyewe akanyoosha mkono, akaomba kalamu. Chupa ziko kwake sasa, kumi na moja, kwenye rafu chini ya dirisha. Jumatano ijayo tunapandikiza nyanya chungu, na ameshatuambia mgagani usiguswe mpaka mwezi wa kumi.