Nyumba Mpya: Kazi za Nje Zisingoje



Mwezi huu napenda kuzungumza na familia zilizohamia, au zinazokaribia kuhamia, katika nyumba zao wenyewe. Katika parokia za pembezoni mwa Dar es Salaam familia hizo ni nyingi. Wako Goba, Kimara na Bunju. Wako Mbagala, Chamazi na Kigamboni. Wengi wamejenga kidogo kidogo kwa miaka mingi huku wakilipa kodi ya vyumba vya kupanga. Siku bati linapopanda na mlango unapofungika, wanahamia hivyo hivyo. Si vibaya. Kuwa na kwako ni baraka, na kodi ya nyumba haina huruma.

Lakini fedha kidogo inayobaki mara nyingi huenda ndani: vigae, dari, rangi, makochi. Kazi za nje huambiwa zingoje. Shimo lingoje mfuniko, maji yangoje mfereji, kichaka kingoje panga. Sisi tunaofanya kazi hospitalini tunakutana na matokeo ya kungoja huko.

Masika moja, asubuhi, mama mmoja aliingia mbio kwetu akiwa amembeba mtoto wa miaka mitatu. Familia ilikuwa na wiki tano tu tangu ihamie. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shimo la maji machafu ambalo lilikuwa halijaanza kutumika. Lilifunikwa kwa bati la zamani na tofali mbili juu yake. Mvua ilikuwa imelijaza. Mtoto alikuwa anakimbiza kuku, akakanyaga bati. Tulihangaika naye kwa muda mrefu, lakini hakurudi. Baba yake alipofika alisema maneno ambayo sijayasahau: “Sista, sementi ya mfuniko ilikuwepo. Tuliimalizia kwenye sakafu ya sebule.”

Siandiki haya ili kumhukumu mzazi yule. Wengi wetu tungefanya kama yeye, kwa sababu mgeni akija hukaa sebuleni, haendi kuangalia shimo. Naandika ili wewe unayesoma leo, ukiwa na mfuko mmoja wa sementi uliobaki, ujue uanze wapi. Nitazipanga kazi za nje kwa kufuata hatari zake: ile inayoua haraka iwe ya kwanza.

KWANZA: MASHIMO

Zunguka kiwanja chako leo ukahesabu mashimo. Utakuta shimo la choo, karo la maji machafu, shimo alilochimba fundi kwa ajili ya mchanga au kuchanganyia udongo, shimo la takataka, pengine na kisima. Kila moja liulize: je, mtoto wa miaka miwili anaweza kuingia humu? Mtoto mdogo huweza kufa maji hata katika ndoo, kwa sababu kichwa chake ni kizito na mikono yake haina nguvu ya kujiinua. Tena hufa kimya, bila kupiga kelele.

Bati, mbao na matawi si mfuniko. Huoza na kuficha shimo, na shimo lililofichwa ni baya kuliko lililo wazi. Mfuniko ni zege lenye nondo. Mchanganyiko unaojulikana na mafundi ni ndoo 1 ya sementi, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Kwa shimo la upana wa kawaida unene uwe sm 8 hadi 10. Shimo likiwa pana zaidi, fundi apime mwenyewe. Zege limwagiwe maji na kufunikwa kwa magunia kwa siku 7, wala mtu asilikanyage kabla halijakomaa. Fedha ikiwa haitoshi, zungushia shimo uzio imara wa miti, au lifukie kabisa hadi utakapokuwa tayari. Kulifukia kunahitaji sepetu na jasho tu.

Tahadhari nyingine: mtu asishuke katika shimo la choo au kisima cha zamani ili kulisafisha au kuokota kitu. Humo hukusanyika hewa yenye sumu. Anayeshuka huzimia mara moja, na anayemfuata kumwokoa naye huzimia. Ndiyo maana katika ajali za namna hii hufa watu wawili au watatu wa nyumba moja. Ikitokea, piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Mtoto akitolewa majini hapumui, msimning'inize kichwa chini wala msipoteze muda kukamua tumbo. Mlazeni chali mahali pagumu, inueni kidevu chake, mmpulizie pumzi 5 mdomoni. Kisha kandamizeni katikati ya kifua kwa haraka mara 30, mpulizieni tena pumzi 2, na kuendelea hivyo huku wengine wakitafuta gari la kumpeleka hospitali.

PILI: CHOO NA MAJI YA KUNYWA

Wengi huhamia wakiwa na choo cha muda, na choo cha muda huendelea kuwa cha muda kwa miaka mitano. Kumbukeni mwaka 2015. Mwezi wa Agosti kipindupindu kilianzia hapa hapa Dar es Salaam, katika Wilaya ya Kinondoni, kikaenea mikoani, na kabla ya mwisho wa mwaka 2016 watu zaidi ya 20,000 walikuwa wameugua. Kipindupindu hakitoki hewani. Hutoka katika kinyesi cha mgonjwa na kuingia kinywani mwa mtu mzima kwa njia ya maji, mikono, chakula na nzi.

Kwa hiyo shimo la choo liwe na sakafu inayosafishika, mfuniko wa tundu, na ndoo yenye bomba na sabuni mlangoni. Kama una kisima, choo kiwe mbali nacho: umbali unaoshauriwa kwa kawaida ni mita 30, na chini ya shimo la choo kubaki angalau mita moja na nusu kabla ya kufikia maji ya ardhini. Pale ambapo maji yako karibu, usichimbe shimo refu ukajivunia kwamba halitajaa. Unachimba kuelekea katika kisima chako na cha jirani. Afadhali choo cha kuinuliwa juu kwa tofali.

Kwa kuwa viwanja vyetu vingi ni vidogo na mita 30 hazipatikani, maji ya kisima yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywa, hata kama yanaonekana meupe kama kioo. Na yule anayefungulia karo lake usiku wakati wa mvua ili lijimwage barabarani, ajue anapeleka ugonjwa kwa watoto wanaopita hapo kwenda shule.

TATU: MAJI YANAYOTUAMA

Watu husema, “Huku kwetu mbu ni wengi kwa sababu ya pori.” Ukweli ni kwamba mbu wengi wa mjini tunawafuga wenyewe. Mwaka 2004 Jiji la Dar es Salaam lilianzisha mpango wa kupambana na malaria, ambapo watu wa mitaa walizunguka kutafuta mazalia ya mbu na kuyatia dawa. Mengi ya mazalia hayo ni kazi ya mikono ya binadamu: mitaro iliyoziba, mashimo ya ujenzi, matuta ya bustani, madimbwi. Ni vizuri kuwajua mbu wa aina tatu, maana kila mmoja ana makao yake.

Mbu wa malaria hupenda hasa madimbwi yanayopigwa na jua, naye huuma usiku. Fukia madimbwi na uchimbe mfereji wenye mteremko. Usitosheke kuona maji yametoka kwako. Angalia yanaishia wapi. Kama yanaishia uwanjani kwa jirani, zungumza naye mchimbe mfereji mmoja hadi mtaroni. Ugomvi wa maji ya mvua umetenganisha hata watu wa jumuiya moja.

Mbu wa vyooni hupenda maji machafu ya karo na shimo la choo. Huyu ndiye anayeeneza matende na mabusha katika miji yetu ya pwani. Huko Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 watafiti walimwaga vyooni chembe nyepesi za plastiki zikaelea na kufunika maji, viluwiluwi wakakosa hewa, na mbu wakapungua sana. Sisi tunaweza kumzuia kwa mambo mawili rahisi: ziba kila ufa wa mfuniko wa karo, na funga kipande cha wavu juu ya bomba la kutolea hewa.

Mbu wa dengue ana madoa meupe miguuni, naye huuma mchana. Ugonjwa huo ulitusumbua sana hapa jijini mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Huyu hahitaji dimbwi. Tairi bovu, kifuu cha nazi, kopo, pipa la fundi, sahani chini ya chungu cha maua vinamtosha. Mayai yake hung'ang'ania ukingoni mwa chombo na kukaa makavu kwa miezi, yakingoja maji. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Sugua ukingo wa chombo kwa brashi. Kwa kuwa kutoka yai hadi mbu huchukua kama siku 7 hadi 10, kazi hii ifanyike mara moja kila wiki. Mapipa na matangi ya maji ya mvua yafunikwe vizuri. Na mtu mwenye homa asimeze aspirini wala diklofenaki kabla ya kupimwa, kwa sababu kama ni dengue dawa hizo huweza kuongeza kutokwa na damu. Parasetamoli na maji ya kunywa kwa wingi ni salama zaidi mpaka afike hospitali.

NNE: VICHAKA NA MABAKI YA UJENZI

Rundo la tofali, mbao na nyasi ndefu ni nyumba ya panya, na panya humleta nyoka. Fyekeni nyasi kuzunguka nyumba, na mabaki ya ujenzi yapangwe mbali na milango. Anayefanya kazi hii avae viatu vya kufunika mguu, si ndala. Asiingize mkono mahali asipoona.

Misumari na mabati huleta jeraha, na jeraha lenye udongo linaweza kuleta pepopunda. Akina mama wengi wamechomwa sindano za pepopunda kliniki ya wajawazito. Akina baba wengi hawajachomwa tangu utotoni, nao ndio wanaoshika panga na jembe. Baba, ukijichoma msumari, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Aliyeumwa na nyoka asichanjwe kwa wembe, asifyonzwe, wala asifungwe kamba ya kukaza. Wengine hushinda nyumbani wakibandika jiwe jeusi. Muda huo ndio sumu inaotumia kufanya kazi. Mvueni pete na viatu, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, mbebeni hadi hospitali haraka.

TUFANYEJE NA FEDHA HAKUNA?

Tazameni tena kazi nilizozitaja. Inayohitaji fedha kweli ni mfuniko, na baadaye choo cha kudumu. Kufukia, kufyeka, kusugua na kuchimba mfereji kunahitaji watu. Basi familia ichague Jumamosi moja kwa kila kazi. Jumamosi ya kwanza mashimo, ya pili mifereji, ya tatu makopo na matairi, ya nne vichaka. Baada ya hapo, nusu saa kila Jumamosi inatosha kuvikagua vyote. Watoto wakubwa washiriki, wajifunze kumtambua kiluwiluwi. Wahini vuli na masika, maana mvua ikishaanza, udongo hauchimbiki na sementi haikauki vizuri.

Nawaomba pia viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Tunapoalikwa kubariki nyumba mpya, tunasali sebuleni, tunanyunyizia vyumba maji ya baraka, tunakula pilau na kuondoka. Ni vizuri. Lakini kabla ya kuondoka tuombe wenyeji watuzungushe nje. Tukikuta shimo liko wazi na mwenye nyumba ni mjane au hana uwezo, tufanye msaragambo. Mfuko mmoja wa sementi uliochangwa na nyumba kumi ni sadaka ambayo Mungu anaijua.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imo sheria kuhusu jambo hili hili. Mtu akichimba shimo na kuliacha wazi, na ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia, aliyelichimba anadaiwa. Kama Mungu aliwadai watu wake kwa ajili ya punda, je, kwa ajili ya mtoto wa jirani itakuwaje?

Sakafu ya sebule itangoja, nayo haitamdhuru mtu. Ukimaliza kusoma ukurasa huu, weka gazeti chini, toka nje, ukahesabu mashimo.