"Nitaanza kesho, Inshaallah": Kijana, simu na kitabu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, leo tumeona tuzungumzie jambo lililoingia katika nyumba zetu nyingi hapa Mtwara, nalo ni vijana kushindwa kusoma kwa sababu ya simu, pamoja na tabia inayoandamana nalo ya kuahirisha kila jambo hadi kesho.

Siku chache zilizopita, baada ya Swala ya Alasiri, kijana mmoja wa Mikindani alitujia msikitini. Anajiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na ada ameilipiwa na mama yake anayeuza samaki wa kukaanga. Alitueleza kwamba kila usiku baada ya Isha huzima taa kubwa, akawasha ya mezani, akafungua kitabu cha Hisabati na kuiweka simu pembeni. Simu ikitoa mlio, huitazama kidogo tu. Kutoka kwenye ujumbe huingia katika kundi, kutoka katika kundi huingia katika video fupifupi, na anapoinua kichwa huwa ni saa saba usiku. Hapo husema, "Nitaanza kesho, Inshaallah," akalala. Miezi minne imepita hivyo.

"Kinachoniumiza, Sheikh, ni mama," alisema. "Akiamka usiku akaona mwanga chini ya mlango, namsikia akimshukuru Mungu kwamba mwanawe anasoma. Kumbe ninachotazama ni simu."

Hatukuwa na ujasiri wa kumkemea. Alhamisi iliyotangulia, sisi wenyewe tulishika simu baada ya Maghribi ili tutafute Hadithi moja kwa ajili ya khutba. Adhana ya Isha ilitukuta tungali tunasoma habari za watu tusiowajua, na Hadithi hatujaigusa.

Samaki aliyesahauliwa

Kila Ijumaa wengi wetu husoma Suratul-Kahf. Humo, kuanzia aya ya 60, mna kisa cha Nabii Musa (A.S.) aliyefunga safari ya kutafuta elimu, akifuatana na kijana wake, hadi zinapokutana bahari mbili. Alama yao ilikuwa samaki: pale atakapopotea, ndipo watakapomkuta mja mwema, Khidhri (A.S.). Samaki akaponyokea baharini penye jabali, na kijana akasahau kusema. Wakapita, wakaendelea na safari mpaka uchovu ukawashika na Musa akataka chakula. Ndipo kijana alipokumbuka, akakiri kwamba ni shetani aliyemsahaulisha.

Tuzingatie kilichofuata. Musa hakumlaumu kijana, wala hakusema walale kwanza. Walirudi pale pale, wakifuata nyayo zao wenyewe, mpaka mahali walipopitiliza, na hapo ndipo walipompata mwalimu. Kusahau kuliwachelewesha, lakini hakukuwanyima elimu, kwa sababu walirudi. Anayenyimwa ni yule anayekumbuka kwamba amepotea, kisha akaahirisha kurudi.

Inshaallah ya kweli

Katika sura hiyo hiyo, aya ya 23 na ya 24, Mwenyezi Mungu anatukataza kusema tutafanya jambo kesho bila kulifungamanisha na utashi Wake, kisha anatuamuru tumkumbuke tunaposahau. Neno Inshaallah, basi, ni adabu ya mtu mwenye azma. Sisi tumeligeuza kuwa pazia la mtu asiyekusudia kufanya. Wanavyuoni huiita tabia hii taswif, nao wameitahadharisha mno.

Wavuvi wetu wa Msimbati, na wale wa kwenye mikoko ya mdomo wa Mto Ruvuma, wanajua kwamba maji kujaa na kupwa hayamsubiri mtu. Anayesema Inshaallah akabaki barazani, mashua yake itakaa juu ya tope. Anayesema Inshaallah huku anaisukuma mashua, huyo ndiye aliyelitamka neno ipasavyo.

Tufanye nini?

Kwanza, simu itoke chumbani. Kuigeuza kifudifudi hakutoshi. Programu hizi zimeundwa ili mtu asitoke: video moja ikiisha, nyingine huanza yenyewe, na aliyeondoka huitwa tena kwa mlio. Baina ya Maghribi na Isha, wakati ambao madrasa zetu nyingi zimezoea kusomesha, simu zote za nyumbani ziwekwe mahali pamoja, ya baba ikiwa ya kwanza. Mtoto hatamsikiliza mzazi anayemuusia huku macho yake yako kwenye kioo.

Pili, ahadi iwe ndogo na ya kudumu. Kijana asiseme atasoma Hisabati. Aseme atafanya maswali matano kabla ya Isha. Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, hata ikiwa chache. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyekuwa mwalimu wa shule Zanzibar, aliitoa tafsiri yake ya Qurani kwa sehemu sehemu kabla haijatoka kamili mwaka 1969.

Tatu, aliyezidiwa na usiku aitumie alfajiri, kwani Mtume (S.A.W.) aliuombea umma wake baraka katika asubuhi zake.

Kijana wetu tulimwambia, "Mwanangu, leo hii mpe mama simu ailaze chini ya mto wake, na umweleze sababu. Kisha ufungue ukurasa ule ule ulioishia miezi minne iliyopita." Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Nitampa kesho, Inshaallah." Tukatazamana. Akacheka mwenyewe, akainuka, akavaa viatu, akashika njia ya nyumbani kabla ya adhana ya Maghribi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amfanyie wepesi yeye na vijana wetu wote, na atujaalie sisi wazazi kuwa mfano kwao. Amin.