Kimelea cha Maabara na Kimelea cha Shambani: Mipaka ya Kiumbe-Mfano katika Utafiti wa Usugu wa Malaria, kwa Kurejelea Ruaruke

Baiolojia ya molekuli hutegemea viumbe-mfano, yaani viumbe wachache wanaochunguzwa kwa kina kwa kuwa hutunzwa kwa urahisi, huzaliana haraka na jeni zao huweza kubadilishwa kwa makusudi. Bakteria Escherichia coli, hamira, inzi wa matunda na panya ni miongoni mwao. Thamani ya kiumbe-mfano hutegemea kiasi ambacho matokeo yake yanamhusu kiumbe asiyechunguzika kwa urahisi huo. Suala hili lina uzito katika kata ya Ruaruke, wilayani Kibiti, ndani ya ukanda wa Rufiji ambako malaria ni ugonjwa wa siku nyingi na wakulima wa mpunga hulala madunguni wakilinda mazao.

Kimelea kinachosababisha malaria kali kwa binadamu ni Plasmodium falciparum. Trager na Jensen walifanikiwa kukiotesha mfululizo katika damu maabarani mwaka 1976, lakini hatua zake za ndani ya ini haziwezi kuchunguzwa kwa uhuru katika mwili wa mtu. Pengo hilo huzibwa na Plasmodium berghei, kimelea cha panya wa msituni kilichoelezwa na Vincke na Lips huko Katanga, Kongo, mwaka 1948. Kimelea hiki huishi pia katika panya wa maabara, na tangu katikati ya miaka ya 1990 jeni zake zimeweza kubadilishwa kwa kudumu.

Mbinu ya kuibadilisha inabeba funzo muhimu. Dawa ya pirimethamini huzuia kimeng'enya kinachotokana na jeni ya dhfr, ambacho kimelea hukihitaji ili kutumia foleti. Katika P. falciparum, serini ikibadilishwa na asparajini kwenye kodoni ya 108, dawa hupoteza sehemu ya nguvu yake. Mabadiliko kwenye kodoni za 51 na 59 huongeza usugu. Maabarani, jeni ya dhfr yenye usugu hupandikizwa pamoja na jeni inayochunguzwa, kisha panya hupewa pirimethamini: vimelea visivyopokea jeni hufa, vilivyoipokea hubaki. Usugu huo, ambao kwa mtafiti ni chujio, kwa mgonjwa ni hatari. Mtoto anapomeza dawa, vimelea dhaifu hufa, vilivyo sugu husalia na mbu huvisambaza.

Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini na kuchukua sulfadoksini-pirimethamini (SP) kama tiba ya kwanza. Kuanzia mwaka 2003 Wilaya ya Rufiji, ambayo wakati huo ilijumuisha eneo la Kibiti, ilitumia SP pamoja na artesuneti, huku Kilombero na Ulanga zikiendelea na SP pekee kwa ajili ya ulinganisho. Hoja ilikuwa kwamba kimelea kinachoepuka dawa moja kitauawa na ya pili. Ufuatiliaji wa usugu wa aina hii hutumia tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi ya chujio. DNA hutolewa, huzidishwa, kisha huchunguzwa kodoni za dhfr zilizotajwa pamoja na za 437 na 540 za jeni ya dhps, inayohusiana na sulfadoksini.

Hapo ndipo mpaka wa kiumbe-mfano unapoonekana. P. berghei wa maabarani hutokana na ukoo mmoja, ilhali mtu mmoja katika eneo lenye maambukizi mengi huweza kubeba koo kadhaa za P. falciparum kwa pamoja. Aidha, mtu mzima mwenye kinga huweza kupona hata akiwa na kimelea sugu, ilhali mtoto mchanga hana hakikisho hilo. Kwa hiyo, kuwapo kwa alama ya usugu si sawa na kushindwa kwa tiba.

Ingawa dawa mseto ya ALu ilichukua nafasi ya SP katika tiba, SP bado hutolewa kwa wajawazito kama kinga. Kiumbe-mfano hueleza namna badiliko la jeni linavyofanya kazi. Kiwango cha kuenea kwake na madhara yake kwa mama mjamzito wa Ruaruke hubainishwa kwa sampuli na ufuatiliaji wa wagonjwa wa mahali penyewe.